Kijibwa cha Shemeji na Mizani ya Maharage

Sijawahi kumchukia mbwa. Nimewahi kumdharau mtu kwa sababu ya mbwa, na mtu huyo ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Kabla ya miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara, alikuwa karani wa ghala kwenye chama cha ushirika kijijini kwetu upande wa Lusewa. Chama kilipokufa, wakulima walibaki na mazao yao na yeye akabaki na mizani. Sijui aliipataje na sikuuliza. Miaka ile vitu vingi vya umma vilihamia majumbani mwa watu bila kuaga, na aliyeuliza aliitwa mwenye wivu.

Akahamia Songea mjini, akapanga nyumba ya barabarani pale Majengo. Mbele akafungua duka la sabuni za kunukia, betri, kaseti na mashati ya mitumba. Nyuma, uani, akaitundika ile mizani kwenye boriti ya baraza, akaanza kununua maharage na karanga za watu waliokuja na malori kutoka Namtumbo. Miezi sita haikuisha, akaanza kutembea kwa kutanguliza tumbo ambalo bado hakuwa nalo. Akajifunza kusema "soko huria" kila baada ya sentensi mbili, hata kama mnazungumzia msiba. Watu wakamwita tajiri. Sisi Watanzania tulikuwa tumetoka kwenye foleni ya sabuni ya vipande, kwa hiyo mtu yeyote mwenye katoni ishirini za sabuni tulimwona kama amefufuka.

Mimi nilikuwa nesi wa kliniki ya mama na mtoto, hapo hapo mjini. Kazi yangu ilikuwa kupima watoto uzito. Mama anamvalisha mtoto ile suruali ya turubai, mtoto anatundikwa kwenye ndoano, analia, mshale unatulia, nami naweka nukta kwenye kadi. Nimetundika watoto wa Songea mpaka nikawa naweza kukisia uzito wa mtoto akiwa bado mgongoni kwa mama yake. Nilijivunia jambo hilo kuliko inavyompasa mtu mwenye akili.

Baba yetu alikuwa mkulima wa maharage. Alilima na tumbaku kidogo, kama wenzake, lakini moyo wake ulikuwa kwenye maharage. Aliyapeta, akayachambua, akayaanika kwenye mkeka, kisha akayapima kwa debe lake moja, lile lile alilolitumia tangu nikiwa shule ya msingi. Alilijaza, akapitisha kijiti juu ili lisawazike, akamimina kwenye kiroba na kukishona. Wakati wa ushirika, kila kiroba cha Baba kilikuwa kilo kumi na saba. Makarani walikizoea hivyo, na wakati mwingine waliandika kumi na saba kabla hata hawajakitundika.

Msimu wa kwanza wa shemeji, viroba vya Baba vikawa kilo kumi na tano.

Siyo kimoja, vyote. Kumi na tano, kumi na tano, kumi na tano. Shemeji akaguna mbele ya watu, akasema, "Mzee wetu siku hizi anatuletea maharage yaliyobunguliwa. Mepesi kama pumba." Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka kidogo, kicheko cha kumfurahisha tajiri. Baba alisimama pale na kofia mkononi. Kwetu mkwe na mkwe hawagombani uso kwa uso. Neno la baba mkwe lenye ukali hupitia kwa mshenga, na mshenga aliyemwozesha dada yangu alikuwa sasa anakunywa bia kila Jumamosi kwenye baraza hilo hilo, kwa hisani ya mwenye mizani. Kwa hiyo Baba alinyamaza, akapokea alichopewa, akaja nyumbani kwangu.

Nakumbuka alivyokaa. Hakuegemea kiti. Akasema, "Mwanangu, wewe ni mtu wa mizani. Hivi mtu anaweza kupoteza kilo mbili kila kiroba na asijue?"

Nikamuuliza kama debe limebonyea. Akasema ameligonga likarudi sawa. Nikamuuliza kama maharage yamekauka kupita kiasi. Akasema ni yale yale ya miaka yote. Kisha akasema neno ambalo leo likinijia huwa naacha ninachokifanya. "Mizani ni ile ile ya ushirika, naijua hata mikwaruzo yake. Kilichobadilika ni mimi."

Nami, mwanamke mwenye sare nyeupe na saa ya kubandika kifuani, nilimjibu hivi: "Baba, umri huo. Mkono umelegea, macho yamepungua. Unadhani umejaza kumbe hujajaza. Mizani haina ndugu."

Aliinamisha kichwa polepole, akakubali. Msimu ulipokwisha nikasikia kwamba sasa anachambua punje moja moja, kila siku tangu asubuhi mpaka jioni, na akikuta moja yenye tundu anaitia mfukoni ili jirani asiione.

Mwezi wa kumi shemeji akaenda Dar es Salaam kuchukua bidhaa, akarudi na mbwa ndani ya boksi la biskuti. Alikuwa kijibwa cha rangi ya chai ya maziwa, manyoya tele, macho mawili meusi na pua. Alimnunua kwa mtu aliyejitambulisha kuwa alikuwa mpishi wa Wazungu waliokuwa wanarudi kwao. Pamoja na mbwa alipewa ukurasa uliochanwa kwenye gazeti la kigeni, wenye picha ya mbwa aliyekaa kwenye mto wa hariri. Shemeji aliuweka ukurasa huo kwenye fremu ya kioo, akautundika dukani karibu na leseni ya biashara. Jina alilompa mbwa lilikuwa la Kizungu na sitaliandika hapa, maana yeye mwenyewe alilitamka kila siku kwa namna yake.

Mbwa tulikuwa nao Songea, wala si haba. Mbwa wetu walilinda mahindi dhidi ya nguruwe pori na nyani, wakala ukoko, wakalala nje. Mtu hakuwa na haja ya kueleza asili ya mbwa wake. Asili yake ilikuwa jirani. Shemeji alileta habari mpya kwamba mbwa anaweza kuwa na ukoo kuliko mwenye mbwa. "Huyu hakui," aliwaambia wateja. "Huyu ndiyo hivyo hivyo mpaka kufa kwake. Imeandikwa hapa: hatazidi kilo tatu." Akiulizwa katoka wapi, jibu lilitegemea bia ya ngapi. Ya kwanza, mbwa alitoka Malta. Ya tatu, alitoka kwenye jumba la mfalme wa China, ambako mababu zake walibebwa ndani ya mikono ya kanzu. Ya tano, wafalme wa Ufaransa walinyang'anyana mababu zake. Hakuna aliyemuuliza kwa nini ukoo mkubwa namna hiyo umeishia Majengo ukila dagaa wa Nyasa.

Siku ya kwanza kabisa, mbele ya watu wasiopungua thelathini, akamtia kijibwa kwenye kikapu chepesi cha ukindu na kumtundika kwenye mizani ya maharage. Mshale haukusogea. Ulikaa kwenye sifuri kama umegandishwa.

"Mnaona?" shemeji akapaza sauti. "Mwepesi mpaka mizani haimwoni!"

Watu wakashangilia. Mama mmoja akapiga vigelegele. Mbwa hai, mwenye mifupa, damu na tumbo lililojaa uji, ametundikwa kwenye mizani ya chuma na mizani imesema hakuna kitu, nasi tukapiga makofi kwa sababu ni mbwa wa Ulaya. Nilikuwepo. Mimi, niliyewahi kuona kitoto kilichozaliwa kabla ya wakati kikiusogeza mshale, nilicheka na kupiga makofi pamoja na wengine. Mtu akitaka kujua elimu yangu iliishia wapi, basi iliishia hapo.

Ikawa desturi. Kila Jumamosi, kabla ya kuanza kununua, mbwa alipimwa. Krismasi ilipofika alikuwa na urefu wa paka mzima, na mizani ikasema haijafika kilo moja. Pasaka akawa anaruka juu ya kaunta mwenyewe na kuvunja chupa za mafuta ya nywele, mizani ikasema kilo mbili. Dada yangu, aliyekuwa anambeba kutoka uani hadi dukani, alianza kulalamika mgongo. "Manyoya hayo," shemeji alimwambia. "Manyoya yanadanganya mkono." Watu wakarudia neno hilo mtaani kana kwamba ni hekima.

Mwezi wa sita, msimu wa pili wa maharage ulipoanza, akapita dukani sista mmoja mzee wa Kijerumani wa misheni, aliyekuwa anatuletea chanjo kliniki. Alikuwa amekaa Ruvuma miaka mingi kuliko wengi wetu, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha shemeji. Mimi nilikuwa naye, tulikuwa tunanunua mshumaa na sabuni. Akauona ukurasa kwenye fremu, akausoma, akacheka mpaka akavua miwani.

"Malta!" akasema. "Hapa imeandikwa Pomerania. Ni pwani ya bahari ya baridi, si mbali na alikozaliwa mama yangu. Na mababu wa mbwa hawa hawakukaa kwenye mito. Walikuwa wakubwa, walivuta mizigo kwenye barafu. Watu ndio waliowapunguza. Kila uzao walichukua wadogo, wakawazalisha na wadogo, mpaka mbwa wa kuvuta mzigo akawa wa kubebwa."

Kisha akamchukua yule kijibwa kwenye kaunta, akamshika miguu ya mbele, akazitazama nyayo, akamgeuza masikio. "Huyu ni mbwa mzuri," akasema, "lakini masikio yake yamelala na nyayo zake ni pana. Baba yake labda alikuwa Mpomerania. Mama yake alikuwa wa Kariakoo. Ana kilo nne na zaidi."

"Ana mbili na nusu, Sista," shemeji akasema, uso umemvimba. "Nimempima jana. Wote wameona."

"Basi mikono yangu imezeeka," sista akajibu kwa upole, akamrudisha mbwa juu ya kaunta, akalipia mshumaa wake.

Ningekuwa na busara ya punje moja ningesikia maneno hayo. Mikono imezeeka. Nilikuwa nimemwambia Baba hayo hayo. Lakini nilikuwa nimeshughulika na kumwonea aibu shemeji, na dharau ni kazi tamu, haimwachi mtu nafasi ya kufikiri.

Kesho yake mchana, akina mama wakiwa wameshaondoka, shemeji akaja kliniki na mbwa ndani ya koti. Alikuwa hajalala kwa maneno ya sista. Alitaka ushahidi wa serikali. Alitaka nimpime mbwa kwa mizani ya kliniki, na zaidi ya hapo, alitaka nimwandikie kadi. Ndiyo, kadi ya watoto, ile yenye njia ya kijani, niweke nukta za miezi yote tangu Oktoba ili aitundike dukani.

"Shemeji," nikamwambia, "unajua kadi hiyo inasomwaje? Mtoto ambaye mstari wake umelala, tunamwambia mama yake kwamba mtoto ni mgonjwa."

"Huyu si mtoto," akasema, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimesahau.

Kadi nilimnyima. Lakini kumpima nilikubali, kwa sababu nami nilikuwa na hamu ya kumwona akiaibika. Nikatafuta suruali ya turubai iliyochanika ambayo tulikuwa hatuitumii tena, nikamvalisha yule mnyama masikini, nikamtundika. Mshale ukatulia kwenye kilo nne na nusu.

"Mizani ya serikali mbovu," akasema papo hapo.

Kila Jumatatu nilikuwa naijaribu mizani yangu kwa dumu la lita tano za maji. Nikalichukua dumu, nikalijaza mbele yake, nikalitundika. Kilo tano na kitu kidogo cha plastiki. Nikamwambia, "Maji hayana Malta wala China, shemeji. Mizani yangu ni nzima."

Alimvuta mbwa kutoka kwenye turubai kwa nguvu mpaka akalia. Alinitazama, na jicho lile halikuwa la mtu aliyeshangaa. Lilikuwa la mtu anayekisia nimefika wapi. Kisha akasema, taratibu sana, "Mambo ya mbwa tuyaache nyumbani, shemeji. Dada yako hana kazi nyingine ila hii." Akaondoka.

Nilikaa kwenye benchi la akina mama. Nne na nusu. Mbili na nusu. Sikuhitaji karatasi. Mbwa aliyekuwa hana uzito mwezi wa kumi alikuwa na uzito kama mbwa yeyote, ila kilo mbili za kwanza mizani ile ilizimeza. Shemeji alikuwa ameibana kwa ndani ili mshale usiondoke kwenye sifuri mpaka kilo mbili zipite. Kila mzigo uliotundikwa pale uliacha kilo mbili kwenye chuma, ukubwa wake hata uweje. Ndiyo maana alinunua maharage kwa viroba vidogo vidogo, akisema eti anawahurumia wabebaji. Ile akili inayomfanya mwizi yeyote aogope kutundika kitu chepesi kwenye mizani kama hiyo, yeye hakuwa nayo. Aliibana kwa ajili ya maharage, kisha akaja kuiamini mwenyewe kwa ajili ya mbwa. Nimekutana na wezi wengi maishani, lakini huyu ndiye pekee ninayemjua aliyeibiwa na mizani aliyoiharibu kwa mkono wake.

Na Baba alikuwa anajaza debe lake kama alivyolijaza siku zote.

Jioni ile nilikwenda kwa dada yangu. Nilimkuta anachambua mchicha uani, mbwa amelala miguuni. Nilipoanza kusema, hakuniuliza mizani imefanya nini. Alisema tu, "Umeshajua." Halafu akaanza kulia kimyakimya, mkono wa pili bado umeshika mchicha. Alinishika gauni. "Mdogo wangu, msimu huu tu. Ana deni la mzigo wa Dar. Msimu ukiisha ameniahidi atairekebisha. Ukisema sasa watamchoma moto, na wanangu watabaki na nani?"

Nikamwambia, "Na Baba?"

"Baba ni Baba," akasema. "Atasamehe."

Nikanyamaza. Siku ile, na kesho yake, na wiki iliyofuata. Nilijiambia ni kwa ajili ya watoto wa dada. Nilijiambia msimu ni mfupi. Nilikuwa hodari wa kumcheka mtu aliyemtundika mbwa kwenye mizani, lakini sikuwa hodari wa kutembea hatua mia mbili hadi kwenye baraza lake na kusema neno moja. Wiki zile tatu Baba alikuja mjini mara mbili na lori la tumbaku, akauza viroba vyake kwa kumi na tano, akapita nyumbani kwangu. Mara ya pili aliniletea maharage ya kupika na akaniomba radhi: "Yaangalie vizuri kabla hujayaweka jikoni, mwanangu. Macho yangu siyaamini." Nikamwandalia chai na mihogo. Nikayasifu maharage. Yalikuwa safi kiasi kwamba ungeweza kuyavaa shingoni.

Mambo yalifichuka kwa njia ya kipuuzi, kama yalivyoanza. Mnunuzi mwingine alitoka Njombe, akapanga nyumba inayotazamana na ya shemeji, akatundika mizani mpya inayong'aa. Alikuwa mtu wa maneno mengi na alitaka wateja. Jumamosi ya kwanza, shemeji alipomaliza kumpima mbwa na kutangaza mbili na nusu, yule wa Njombe akavuka barabara, akaingia mpaka uani. Akasema, kwa sauti ya kuuza samaki, kwamba yeye amezaliwa kati ya mbwa, amekua na mbwa, na kama yule ni wa kilo mbili na nusu basi yeye atamla na manyoya yake.

Ungefikiri shemeji angesingizia jambo lolote, hata kuumwa tumbo. Lakini ua ulikuwa umejaa, mshenga alikuwa amekaa na chupa yake, na ukurasa ulikuwa kwenye fremu. Heshima ya mbwa ilikuwa imeguswa. Nilimwona akipambana na nafsi yake, na nilimwona akishindwa. Hodari wa kumdanganya mzee wa Lusewa hakuweza kuvumilia kuambiwa kwamba mbwa wake ni mnene. "Twende," akasema. "Mizani yako yenyewe ndiyo itakuaibisha."

Wote tukavuka barabara. Baba alikuwa miongoni mwetu, na kiroba begani. Mbwa akatundikwa. Nne na nusu.

Yule wa Njombe akacheka na kuanza kusema habari za manyoya, lakini wakulima hawakucheka. Kisha bibi mmoja, aliyekuwa amekaa juu ya kiroba chake cha karanga, akainuka na kusema, "Ngoja kwanza." Akarudi kwenye baraza la shemeji, nasi nyuma yake, akamchukua kuku wake aliyefungwa miguu, akamtundika kwenye mizani ya zamani. Mshale haukusogea. Mtu mwingine akatundika jembe. Sifuri. Mwingine akavua viatu vyake, akavitundika pamoja na kuku. Sifuri. Wakaongeza dumu la mafuta ya taa lililokuwa nusu, mshale ukatikisika kidogo kama mtu anayeamshwa.

"Kumbe," bibi akasema, wala hakupaza sauti, "kuku wangu naye katoka Ulaya."

Hapo ndipo vicheko vilipopasuka, na baada ya vicheko makelele, na baada ya makelele mtu akaing'oa mizani kwenye boriti. Hawakumchoma. Watu wetu si wepesi wa moto kama dada alivyoogopa. Walimzunguka tu na kumdai, kila mmoja akitaja viroba vyake. Naye, jasho linamtoka, mbwa amembana kwapani, akatafuta mtu wa kugawana naye aibu, akaniona. Akaninyooshea kidole.

"Mnanishambulia mimi peke yangu? Muulizeni na nesi huyo! Alimpima kliniki, wiki tatu zilizopita. Alijua! Mbona hakusema?"

Nilimtafuta Baba kwa macho. Alikuwa ameshageuka, ananyanyua kiroba chake kukipeleka ng'ambo ya barabara. Kilitundikwa, karani wa yule wa Njombe akaita: kumi na saba. Watu wawili watatu wakampigapiga Baba begani. Hakugeuka kunitazama.

Sitasema mengi kuhusu shemeji. Alifunga duka mwezi mmoja, akalifungua tena, akauza vitenge, na watu wakanunua. Mbwa aliendelea kuishi, akawa mbwa wa kawaida wa Majengo, akazaa na mbwa wa majirani, maana kumbe alikuwa jike na shemeji hakuwahi kutazama. Bado nawaona mtaani wajukuu wake wenye manyoya mengi, wakubwa kama mbwa wengine. Siwezi kuwachukia. Wao hawakumdanganya mtu.

Mchana ule nilikimbia nyumbani kabla ya Baba, nikachinja kuku, nikapika wali. Nilidhani nitamwambia kila kitu kabla hajauliza. Alifika, akabisha hodi kama mgeni. Nikampa shikamoo, akaitika. Akakaa pale pale alipokuwa anakaa. Safari hii aliegemea kiti, na nilipomtazama usoni nikaona ni kweli mzigo wa misimu miwili umemtoka. Kisha akaniuliza, bila hasira yoyote, "Ulijua lini?"

"Wiki tatu, Baba."

Akafikiri. "Nilikuja mara mbili."

"Ndiyo, Baba."

"Mara ya pili nilikuomba radhi kwa macho yangu."

Nilianza kueleza habari za dada, watoto, deni la mzigo. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, kama anavyosikilizwa mtu wa nje. Nilipomaliza nikamletea maji ya kunawa na sahani ya wali, nikamwekea na paja la kuku, nikapiga goti.

Alikuwa ametoka Lusewa alfajiri juu ya lori, hajatia kitu mdomoni. Aliitazama sahani, akanishukuru, akasema ameshiba.